Tiketi ya treni yenye kosa: imalize dirishani kabla hujafika getini

Tiketi ya treni ikiwa na kosa, gharama ya kulirekebisha hupanda kadiri unavyolisogelea behewa. Ukiligundua ungali nyumbani, ni la kumalizwa kwenye dirisha la tiketi. Ukiligundua getini, ni mbio na jasho. Ukiligundua treni imeshaondoka Dar na kuiacha Pugu, hapo andaa nauli nyingine, na pengine faini juu yake.

Tangu SGR, reli ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, watu wengi wanakata tiketi kwa simu, wengine wakiwa wamening'inia kwenye daladala. Kidole kikiteleza tiketi inatoka hivyohivyo. Mfumo haujui ulikusudia nini.

Kontrol namba si tiketi

Kosa linalowakuta wengi si kuwa na tiketi mbovu, ni kutokuwa na tiketi kabisa huku wakiamini wanayo. Ukishachagua safari, unapewa kontrol namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99 kama malipo mengine ya Serikali. Hiyo ni ankara. Ukilipa kwa simu unapata ujumbe wa muamala, na huo ni ushahidi kwamba hela imetoka. Tiketi ni kitu cha tatu: ina jina lako, tarehe, treni, behewa, kiti na msimbo wa kuskaniwa. Mashine ya getini haisomi ujumbe wa muamala, hata ukiuonyesha mara ngapi.

Kontrol namba ina muda wake wa kuishi. Usipolipa kwa wakati, kiti kinarudi sokoni na anakichukua mwingine. Ukilipa na tiketi isije, usikimbilie kutengeneza kontrol namba ya pili na kulipa tena. Ukishalipa mbili una kazi ya kudai hela badala ya kazi ya kusafiri. Fungua kwanza mfumo uleule uliokatia, uangalie kama tiketi imetoka bila ujumbe kukufikia, maana namba ya simu iliyoandikwa vibaya hupeleka tiketi yako kwa mtu asiyekujua. Ikiwa haipo, nenda dirishani na vitu viwili: kontrol namba na ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu. Usiufute ujumbe huo hadi umefika unakokwenda.

Saa ndiyo mtego mkubwa

Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, sisi tunahesabu kuanzia macheo. 06:00 kwenye tiketi ni saa kumi na mbili alfajiri, si saa sita mchana. 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. Anayeisoma kama saa tisa na nusu atafika Stesheni, yaani stesheni ya SGR ya Dar, mchana kweupe, treni yake ilishaondoka tangu asubuhi. 18:15 ni saa kumi na mbili na robo jioni. Hesabu yake haina ugumu: namba ikiwa 7 hadi 18, toa 6.  13:00 ni saa saba, 15:00 ni saa tisa.

Treni za usiku ni hatari zaidi. Safari ya 00:20 tarehe 15 inaondoka usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Anayejipanga kwenda Stesheni jioni ya tarehe 15 anakwenda na tiketi iliyokwisha kazi takriban siku nzima. Wazee wetu wanaohesabu usiku wa Jumamosi kuanzia magharibi ya Ijumaa wala hawapati shida hapa; wanaopotea ni vijana wa simu.

Kwa hiyo unapomkatia mtu tiketi, usimtumie picha ya tiketi peke yake. Mwandikie au mpigie: "Mama, shikamoo. Treni ni Ijumaa, saa kumi na mbili na robo jioni, jua likizama. Uwe Stesheni saa kumi." Hayo ndiyo anayoyahitaji.

Mengine ya kukagua kabla hujalipa

Kutoka na kwenda. Wengi wanaokata ya kurudi wanasahau kugeuza, wanajikuta na tiketi mbili za Dar es Salaam kwenda Dodoma.

Kituo cha kushukia. Kwa nauli zilizotangazwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, mwaka 2024 kwa daraja la kawaida, Dar hadi Morogoro ni shilingi 13,000 na hadi Dodoma 31,000. Ukijikuta umelipa 13,000 na unakwenda Dodoma, usifurahie punguzo. Umekata ya Morogoro. Kupitiliza kituo kunahesabiwa kama kusafiri bila tiketi kwa kipande kilichobaki, na mkaguzi hana namna ya kujua kama ulikosea au ulitega. Nauli ni kipimo kizuri kuliko macho: ikiwa kiasi hakilingani na safari, kuna kitu umebonyeza vibaya. Inaweza kuwa daraja, au treni ya haraka badala ya ya kawaida. Hizo haziingiliani hata kama zinakwenda mji mmoja siku moja.

Watoto. Wa chini ya miaka 4 hawalipi. Wa miaka 4 hadi 12 ni nusu nauli, yaani 6,500 hadi Morogoro. Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, hasa mtoto akiwa mrefu kuliko umri wake.

Jina na kitambulisho. Mtoto anayeishi Dar akimkatia baba yake aliyeko Dodoma, simu hujaza taarifa za mwenye simu. Baba anafika getini na kitambulisho cha NIDA, tiketi ina jina la mwanawe. Herufi moja ikikosewa, kwa kawaida mtu anaelewa; jina la mtu mwingine kabisa ni tiketi ya mtu mwingine.

Kosa likishagundulika

Kama treni haijaondoka, nenda dirishani au kwenye ofisi ya tiketi ya stesheni siku hiyohiyo, usingoje kesho. Masharti ya kubadili na kurejeshewa hela yanahesabu muda uliobaki kabla ya treni kuondoka, na ukishapita huo muda maelezo yako, hata yawe ya kweli, hayana nguvu. Sema neno moja wazi: "Dada, samahani, nimekata tarehe siyo, nataka kubadilisha." Hadithi ndefu zinawachosha walio nyuma yako kwenye foleni.

Wikiendi na siku za kuelekea sikukuu mambo yanageuka. Viti vinaisha. Hapo tunashauri ukate tiketi sahihi kwanza kama lazima usafiri, halafu ndiyo ufuatilie ile ya makosa. Ukianza na madai, unaweza kushinda madai na kukosa kiti.

Usiiuze ile ya makosa nje ya stesheni. Ina jina lako, atakayeinunua atakataliwa, na jina litakalobaki kwenye daftari ni lako. Kwa sababu hiyohiyo usinunue kwa vishoka. Picha ya tiketi moja inaweza kuuzwa kwa watu wanne. Msimbo ukishaskaniwa mara ya kwanza, watatu waliobaki wanabaki wanatazamana.

Kama umeshakaa behewani, mwite mhudumu kabla mkaguzi hajakufikia. Anayejisema mwenyewe husikilizwa tofauti na anayekamatwa akijifanya amelala. Onyesha tiketi uliyonayo na ujumbe wa malipo, viseme vyenyewe kwamba ulilipa. Kiti chako kikiwa na mtu mwenye tiketi sawasawa na ya kwako, linganisheni tarehe kwanza, ndipo namba ya behewa, ndipo kiti. Mara nyingi mabishano huishia kwenye tarehe.

Ukitakiwa kulipa tofauti au faini, lipa, lakini uombe kontrol namba au risiti. Hela ya mkononi isiyo na karatasi haikulindi kwa mkaguzi wa behewa linalofuata, na huwezi kuidai baadaye. Ukiona umeonewa, andika namba ya treni, behewa, tarehe na saa palepale. Malalamiko yanaanzia kwa mkuu wa stesheni, yakikwama yanakwenda LATRA. Malalamiko yasiyo na namba ya tiketi hayafiki mbali.

Reli siyo moja

Mgeni wa Dar akiambiwa "nenda stesheni ya treni," bodaboda anaweza kumpeleka TAZARA. TAZARA ni reli nyingine, ya Tanzania na Zambia kwa pamoja, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na tiketi zake ni zake. Tiketi ya SGR haikusaidii chochote pale, na kutoka TAZARA hadi Stesheni ni lazima upite foleni ya Barabara ya Nyerere. Kilomita ni chache, dakika si chache. Mwambie bodaboda jina kamili: "Stesheni ya SGR, mjini."

Kwa anayekwenda Zambia kwa TAZARA, uliza kwanza kama treni ya wiki hiyo ipo, kisha kata. Na ukipandia Nakonde, mpakani upande wa Zambia, kumbuka saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Muulize anayekuuzia tiketi muda ulioandikwa ni wa Tanzania au wa Zambia, akujibu kabla hujatoa hela.