Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Babu na Haki ya Kuibomoa

SWALI: Ndugu Mhariri, babu yetu alituachia nyumba Ujiji, ya matofali mabichi, yenye baraza mbele na mlango wa nakshi. Wazee wanasema ilijengwa kabla reli haijafika Kigoma. Ukuta wa nyuma umepasuka na kila masika tunachangishana fedha za kuuziba. Sasa amejitokeza mnunuzi anayetaka kiwanja ili ajenge nyumba ya wageni. Kaka yetu mkubwa anataka tuuze, ila shangazi anasema nyumba hiyo ni ya historia na tukiibomoa tutafungwa. Je, hatuna haki juu ya mali yetu wenyewe? — Mjukuu, Ujiji.

JIBU: Ndugu msomaji, haki mnayo, na shangazi naye ana sababu ya kuwatahadharisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu jengo lolote lililojengwa Tanzania Bara kabla ya mwaka 1863 kuwa kumbukumbu ya kale, hata kama halijawahi kuwekewa kibao. Jengo la baada ya hapo huingia chini ya ulinzi huo pale tu Waziri mwenye dhamana anapolitangaza. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo nyumba ya “kabla ya reli” inaweza kuwa ya mwaka 1860 au ya mwaka 1910, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua jibu la swali lenu. Ikiwa ni ya baada ya 1863 na haijatangazwa, sheria hii haiwazuii kuibomoa.

Niseme pia kwamba mstari huo wa 1863 ni mgumu kuutetea ukiwa umesimama Ujiji. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858 na kuukuta mji wa biashara tayari, lakini nyumba iliyojengwa mwaka ule mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone Ujiji, yaani 1871, kwa kipimo cha sheria ni changa. Ujiji umo pia, pamoja na Bagamoyo na Kwihara iliyo karibu na Tabora, katika njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia. Wapo wanaodhani kuwa orodha hiyo inazifunga nyumba zote za mji. Haizifungi, kwa sababu ni kusudio la nchi tu, na mwenye nyumba hapewi amri wala msaada kwa ajili yake.

Hapo ndipo ninapowaonea huruma watu wa aina yenu. Ibara ya 24 ya Katiba inamlinda mtu asinyang’anywe mali bila fidia inayostahili, lakini anayezuiwa kubomoa hajanyang’anywa kitu: nyumba inabaki kwa jina lake, pamoja na nyufa zake na gharama zake. Mimi naamini kwamba mji unaotaka nyumba ya babu yenu isimame una wajibu wa kuchangia, walau kwa kumtuma fundi anayeujua udongo. Kumwambia mjane au wajukuu kwamba wao ni walinzi wa historia, kisha kuwaachia bili yote, ni kuwafanya waisubiri mvua kubwa iwamalizie kazi usiku. Nyumba nyingi za zamani zimeondoka hivyo, bila tingatinga na bila kibali cha mtu.

Kuhusu ule ufa, kabla hamjakata tamaa, tazameni ukuta umepigwa lipu ya nini. Ukuta wa matofali mabichi hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa kukauka. Ukiupiga lipu ya saruji, maji yanakwama ndani, udongo unalainika nyuma ya lipu, na siku moja kipande kizima kinamomonyoka, kisha fundi anaongeza saruji na tatizo linakua. Mkiondoa saruji hiyo, mkapiga lipu ya udongo au ya chokaa, mkarefusha bati ili maji ya paa yasidondokee ukutani na mkachimba mtaro wa kuyapeleka mbali na msingi, huenda mkashangaa jinsi gharama ya kila masika itakavyopungua. Boriti nazo zikaguliwe mchwa. Kazi hii haidai mtaalamu kutoka mbali, inadai fundi asiyeona aibu kushika udongo.

Mlango una sheria yake, na wengi hawaijui. Sheria hiyohiyo inaulinda mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Inawezekana basi kwamba nyumba yenu haina ulinzi wowote lakini mlango wake unao. Kuupeleka nje ya nchi bila leseni ni kosa. Msikubali mnunuzi wa kiwanja auhesabu kuwa sehemu ya kifusi, na msimpe dalali yeyote kabla ya kuwauliza Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii.

Kaka mkubwa naye aelezwe kwamba ukubwa wake haumpi mamlaka ya kuuza. Kama hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mauziano hayo yatawaletea kesi kabla ya kuwaletea fedha. Mkishampata msimamizi huyo, aiandikie Idara kupitia Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji kuuliza hadhi ya nyumba, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakati mnasubiri jibu, mwulizeni mnunuzi kama angekubali kujenga upande wa uani na kuiacha sehemu ya mbele, baraza na mlango vikiwa mahali pake. Mgeni anayekuja Ujiji kuutazama mwembe wa Livingstone angependa zaidi kulala humo kuliko katika ghorofa linalofanana na la mji mwingine wowote. Mnunuzi akikataa, na jibu la Idara likiwa halina kizuizi, uzeni bila kujilaumu, ila kwanza pigeni picha za kila chumba, pimeni kuta, na mrekodini shangazi akieleza nani alilala wapi.

SWALI: Mimi nina nyumba ya zamani Tabora, si mbali na stesheni. Tembe la Kwihara, ile nyumba ya udongo ya wakati wa misafara, limeshahifadhiwa. Halitoshi? Kwa nini na sisi wengine tubebeshwe mzigo wa kuhifadhi? — Mwenye nyumba, Tabora.

JIBU: Tembe la Kwihara linaonyesha maisha ya wafanyabiashara wa misafara, na wageni hulijia kwa sababu Stanley na Livingstone walikaa hapo. Halisemi lolote kuhusu mji uliokua baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912, wala kuhusu watu waliojenga karibu na stesheni. Kwa hiyo halitoshi, lakini hilo halikufanyi wewe kuwa mdaiwa. Kama nyumba yako si ya kabla ya 1863 na haijatangazwa, uamuzi ni wako, mradi ufuate Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kupata kibali cha halmashauri kabla ya kujenga upya. Ukibomoa, milango, madirisha na mbao za mninga zilizokauka vizuri usizichome. Mafundi seremala wa Tabora wanaijua thamani yake, na mbao za namna hiyo hazipatikani tena kwa urahisi.