Jibu: Kuvutwa na kuokolewa ni mambo mawili

Ndugu, umeuliza kwa nini waliokunasua mwambani wanadai sehemu ya thamani ya boti badala ya malipo ya saa. Injini ikizimika kwenye maji tulivu, huko ni kuvutwa tu. Chombo kikiwa hatarini, huo ni uokoaji: Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa 1989 hupanga tuzo, yaani malipo ya waokoaji, kwa kuangalia thamani ya kilichookolewa, hatari na ustadi wao. Wasingefanikiwa, kwa kawaida wasingelipwa, na tuzo haiwezi kuzidi thamani hiyo.

Usisaini lolote kabla ya kuzungumza na kampuni yako ya bima. Bima ya chombo mara nyingi hugharimia uokoaji. Kuvutwa huenda kukahitaji nyongeza yake kwenye bima. Siku nyingine, kabla ya kupokea kamba, tafadhali uliza: mnavuta au mnaokoa? Mkipatana bei, iandikeni.