Lori haliwaki asubuhi mpaka nipampu kwa mkono

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina lori la zamani la dizeli, yale ya pampu ya kimekaniki yasiyo na kompyuta. Asubuhi napiga stata inazunguka kwa nguvu kabisa lakini injini haishiki, na ekzosi haitoi hata kamoshi. Mpaka nilaze kebini nipampu dizeli kwa mkono kama mara thelathini ndo linawaka, na likishawaka siku nzima ni kugusa funguo tu. Nimebadilisha betri zote mbili, nikafunga na stata nyingine, wapi! Sasa naambiwa pampu ya nozeli (ile kubwa inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, zinazoipulizia ndani ya injini) ifunguliwe. Niifungue?

JIBU: Usiifungue kwanza ndugu yangu. Jibu umeshalitaja mwenyewe, kutokuwa na moshi maana yake dizeli haifiki kwenye nozeli, ingekuwa inafika haiungui ungeona moshi mweupe. Na ukipampu linawaka, kwa hiyo usiku dizeli inarudi tangini na upepo unachukua nafasi yake.

Najua utasema mbona hakuna panapovuja. Ndo hapo wengi tunapotea. Kutoka kwenye tangi mpaka pampu ndogo (ile inayovuta dizeli tangini na kuipeleka kwenye pampu ya nozeli) ni upande wa kuvuta, ikizunguka inanyonya, kwa hiyo penye ufa dizeli haidondoki, upepo ndo unaingia. Mimi lori moja lilinisumbua siku mbili nzima, kila mpira nikiushika mkavu safi, nilipolegeza klempu nikakunja mpira ukafunguka kama mdomo, ufa ulikuwa umejificha chini ya klempu.

Fanya hivi jioni. Chukua galoni la dizeli safi uliweke chini kuliko pampu ndogo, usawa wa tangi, ulifunge lisianguke, chomoa mpira unaotoka tangini kwenye pampu ndogo uingize wa kutoka kwenye galoni, toa upepo, washa kidogo halafu zima ukalale. Asubuhi likiwaka bila kupampu, ubovu uko kati ya tangi na pampu ndogo: mipira, paipu zilizoliwa na kutu, au paipu ya kunyonyea iliyo ndani ya tangi. Likigoma, basi ni mbele ya hapo, angalia oringi (pete ya mpira) ya filta, zile washa za shaba, yaani pete za kuzibia kwenye maungio ya paipu (hizi usirudie za zamani, weka mpya), na ile pampu yenyewe ya mkono maana sili yake ikichoka inapitisha upepo, na valvu zake zikiwa na uchafu hazizuii dizeli kurudi.

Ukitaka kuuona upepo kwa macho, funga kipande cha mpira unaoonyesha kabla ya filta, mapovu yakipita utayaona.

Na wakati unahangaika usipige stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo, iache ipoe dakika moja au mbili. Ile stata ya zamani kama hujaiuza itunze, haikuwa na kosa lolote.