Tivii Tatu, King'amuzi Kimoja: Soma Kabla Hujamlipa Muuzaji

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Likoni. Ana vyumba vitatu anataka kuvikodisha kwa wageni, kila chumba kina tivii, na muuzaji amemwambia lazima anunue ving'amuzi vitatu na alipie vifurushi vitatu kila mwezi. Anauliza: "Dada yangu, ni kweli au naliwa?"

Ni kweli nusu. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayokula pesa za watu, na kwa kuwa wengi mnaonisoma mna hamu ya vyumba vya wageni kama mimi (nani Mombasa hana?), leo nasema yote.

Mimi vyumba vyangu viko Bamburi, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Habari za vibali, rangi na magodoro naziruka, hazina utamu. Zilipofika tivii, nikaenda mjini kwa muuzaji mmoja, shemeji yangu akanisindikiza. Muuzaji akasema king'amuzi kimoja cha sebuleni kitatosha nyumba nzima, fundi wake atavuta waya mpaka kila chumba. Nikamuuliza: na kila mgeni ataona anachotaka? Akamgeukia shemeji. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi, haya ya ufundi atuachie sisi."

Swali nimeuliza mimi, pesa natoa mimi, jibu anapewa shemeji! Miaka imepita na bado linanichoma.

Waya ukavutwa. Jumamosi ya kwanza ya wageni, chumba cha mbele wako vijana kutoka Nakuru, wameshavaa jezi, wanangoja mpira. Chumba cha nyuma yuko mama na wanawe, watoto wanatazama katuni. Rimoti iko kwangu. Vijana wakabisha hodi, nikaweka mpira, na papo hapo nikasikia kilio kutoka nyuma. Mapumziko nikarudisha katuni. Kipindi cha pili kikaanza, vijana wako mlangoni upande huu, mama upande ule na mtoto kiunoni, mimi katikati ya ukumbi na rimoti mkononi. Asubuhi yake mama akaondoka hata chai hakunywa, akanipa nyota mbili. Nilipompigia muuzaji, akaniambia eti wageni wangu ndio wakorofi.

Hakuna aliyekuwa mkorofi. King'amuzi cha kawaida hufungua chaneli moja tu kwa wakati mmoja, kisha hiyo moja ndiyo inayotoka kwa waya wa HDMI au kwa zile tundu tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Ukigawa kinachotoka humo, hata kwa tivii kumi, zote kumi zitaonyesha chaneli ileile. Zamani za analogi hatukulijua tatizo hili kwa sababu kila tivii ilikuja na kichagua chaneli chake ndani. Mitambo ya analogi ilipozimwa mapema 2015, kabla ya ile tarehe ya mwisho ya kimataifa ya 17 Juni, tivii nyingi majumbani zikabaki na kichagua chaneli kisichoelewa lugha mpya ya dijitali. Ndipo kila moja ikahitaji king'amuzi chake.

Sasa hapa ndipo muuzaji hapataji. King'amuzi huenda kimo ndani ya tivii tayari. Kenya tunatumia mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena uitwao DVB-T2. Geuza tivii yako, soma kibandiko cha nyuma, au soma boksi lake. Ukiona DVB-T2, chomeka waya wa antena moja kwa moja, ingia kwenye menyu, itafute chaneli yenyewe, na utapata KBC, Citizen, NTV, KTN na wenzao wa bure bila kununua kitu kingine. Ukiona DVB-T peke yake, bila hiyo 2, haitakusaidia. Tivii nyingi kuukuu zinazotoka Uingereza ni za namna hiyo. Na tafadhali, wembamba wa tivii si ushahidi, wala hilo jina la smati si ushahidi. Nimeona watu wazima wakibishana dukani juu ya jambo lililoandikwa nyuma ya mashine.

Kwangu leo vyumba viwili vina tivii zenye T2 ndani. Cha tatu kina tivii ya zamani ya kisogo, nimeiwekea king'amuzi cha chaneli za bure, unakinunua mara moja basi, hakuna malipo ya mwezi. Kifurushi cha kulipia kiko sebuleni tu. Mwenye mpira wake aje akae pale na wenzake, na soda nauza mimi. Desemba iliyopita vyumba vilijaa mpaka nikawa narudisha watu, na shemeji ndiye aliyekuja kuniuliza afanyeje kwa nyumba yake ya Mtwapa. Nikamjibu, tena mbele ya mkewe.

Kwa hivyo dada wa Likoni, soma vibandiko kwanza. Ukitaka kila chumba kiwe na chaneli za kulipia, hapo muuzaji yuko sawa, kila tivii na king'amuzi chake, na umuulize bei ya kuunganisha cha pili na cha tatu kwa akaunti moja kabla hujakubali vifurushi vitatu. Na swali lako lijibiwe wewe. Sisi wanawake tunaoendesha biashara tumezoea kunyamaza dukani ili tuonekane na adabu, kisha tunakwenda kulia nyumbani. Uliza. Asipokujibu, toka, maduka ya Mwembe Tayari hayaishi. Akikuuzia tivii, mwambie aiwashe na atafute chaneli mbele yako kabla hujatoa hata shilingi.

Kitu cha kugawa ni waya wa antena, kabla haujafika kwenye king'amuzi. Antena moja juu ya paa na splita chini yake zinatosha vyumba vyote. Lakini kila mgawo hupunguza nguvu. Splita ya njia mbili huacha chini ya nusu kwa kila upande, na dijitali haina zile chenga za zamani za kukuonya mapema: picha inakuwa safi, safi, halafu inakatikakatika na kuganda. Ikiganda chumba kimoja tu, usikimbilie kununua king'amuzi kipya. Mpandishe fundi aangalie viungo vya waya kule juu, kwa maana chumvi ya bahari huvila haraka, akate ncha iliyoshika kutu, aweke kiungo kipya na akifunge vizuri kwa utepe wa mpira maji yasiingie.