Masikio yakivalishwa, akili nayo ipewe muda

Wiki hii dada mmoja wa Morogoro ameniandikia. Baba yake alinunuliwa mashine za kusikia, akazivaa siku chache, kisha akazifungia kabatini. Mzee anasema zinapiga kelele tu, maneno bado hayashiki. Dada anauliza kama azirudishe.

Usizirudishe, dada yangu. Mzee anasema kweli, na hapo alipo mimi nimepapitia.

Nilikuwa nafundisha sekondari huko Tanga masikio yalipoanza kupungua. Sauti nilizisikia, ila maneno yalinipotea. "Asha anasuka" na "Asha anashuka" kwangu zilikuwa sentensi moja. Herufi kama s, f na sh zina sauti nyembamba na hafifu, na upungufu unaoletwa na umri au kelele huanza na hizo. Pengo linalobaki akili hulijaza kwa kukisia, na wakati unakisia, mwenzio kashafika mbali. Mtafiti wa Uswidi, Jerker Rönnberg, amelieleza vizuri: neno likifika safi hueleweka bila jasho, likifika limechakaa kumbukumbu ya muda mfupi hubebeshwa mzigo wa kulitafuta. Ndiyo maana nilikuwa natoka darasani hoi kama mtu aliyeshinda shambani, sitaki hata kusemeshwa.

Ofisini wakasema nina kiburi, siitikii salamu. Mwalimu mmoja akatamka mbele ya wenzetu kwamba akili zimeanza kuniruka. Mpaka leo neno lile linaniuma. Akili zangu zilikuwa zinafanya kazi kuliko za wote mle ofisini!

Nilipovalishwa mashine, kilichonijia kwanza ni feni, sufuria, na ndala za mke wangu zikiburuzika sakafuni. Vyote kwa nguvu ileile ya maneno. Ubongo uliozoea ukimya hauwezi kuchambua papo hapo lipi neno, lipi feni. Huchukua wiki, kwa wengine miezi. Tukaanza wawili, redio imezimwa. Mama watoto ananisomea gazeti, namrudishia alichosoma. Baadaye barazani, halafu msikitini, sokoni mwisho kabisa.

Mwezi uliopita nimeongoza kikao cha harusi ya ukoo. Watu wamejaa, wanabishana juu ya bajeti, na sikumwomba mtu arudie jina wala ahadi yake. Nalisema kwa fahari.

Kwa hiyo mzee avae. Avae kila siku, tangu asubuhi, hata akiwa peke yake. Kuvaa Ijumaa kwa Ijumaa hakumfundishi ubongo kitu. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Marekani uitwao ACHIEVE, uliowafuata wazee 977 kwa miaka mitatu. Kwa jumla yao tofauti kati ya waliopewa mashine na wasiopewa haikuonekana, lakini kwa wale waliokuwa katika hatari zaidi ya kupoteza uwezo wa akili, waliopewa mashine na kufundishwa kuzitumia walidorora polepole zaidi, kwa asilimia 48. Hilo si jambo la kufungia kabatini.

Nanyi watoto, acheni kumpigia mzee kelele kutoka jikoni. Nendeni mbele yake, aone midomo, semeni taratibu. Kisha mrudisheni kwa mtaalamu wa usikivu aliyempimia: aangalie nta ya masikioni kwanza, halafu apunguze sauti nzito zinazomkera na aongeze zile nyembamba kidogo kidogo. Mwendeeni tena kila inapohitajika, maana marekebisho ya siku ya kwanza hayatoshi.