Kabla Hujamrusha Mwanafunzi Wako Angani

Miswada mingi ya hadithi za shule za mashujaa ninayoletewa na waandishi chipukizi hapa Moshi huanza na orodha ya nguvu: huyu anatema moto, yule anapaa, wa tatu anasoma mawazo ya watu. Hayo hayatoshi kumfikisha msomaji kitabu cha pili. Kinachomfikisha ni shule yenyewe, nanyi shule mnaijua vizuri, kwa kuwa wengi wenu mmelala bwenini, mmepangiwa zamu za usafi na mmesongamana mbele ya ubao wa matangazo mkitafuta majina yenu kwenye matokeo.

Tazameni X-Men, wanafunzi mashujaa wa vitabu vya katuni, walivyoanza nchini Marekani mwaka 1963: katika toleo la kwanza la Stan Lee na Jack Kirby tunawakuta wanafunzi wanne mazoezini, kisha anawasili wa tano, Jean Grey, na anayoelezwa yeye ndiyo tunayoelezwa sisi. Njia hiyo bado inafaa. Mwanafunzi aliyeripoti leo na godoro lake kichwani ana haki ya kuuliza mambo ambayo mwandishi angelazimika kuyahutubia.

Kuhusu nguvu, jiulizeni kwanza zinamgharimu nini mwenye nazo. Chukulieni binti anayepaa kutoka mjini hapa hadi Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ambako oksijeni inayopatikana katika kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani. Wapanda mlima hutumia siku kadhaa ili miili yao izoee. Yeye amefika kwa dakika chache. Basi kichwa kimgonge, atapike, vidole vife ganzi na akili imchanganyikie, hata mtihani wa kumshusha mtalii aliyezidiwa uwe na mashaka ya kweli, maana msomaji hajui tena nani atamwokoa nani.

Au chukulieni kijana anayeyaamuru maji. Katika miteremko ya mlima huu maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, hugawanywa kwa zamu, kaya moja baada ya nyingine. Akiyageuza wakati wa kiangazi ili ashinde shindano la shule, amemdhulumu mzee aliyekuwa akisubiri zamu yake na jembe mkononi, pembeni mwa migomba inayonyauka. Kesi hiyo ikisikilizwa na wazee wa ukoo, mkuu wa shule akiwa ameketi kimya kama mgeni, mimi nitaisoma usiku kucha. (Adui mwenye joho jeusi anaweza kusubiri.)

Kwa mfululizo mrefu, kila kitabu na kiwe muhula au mwaka, na uwezo wa wahusika usikue haraka kuliko madarasa yao. Kabla ya sura ya kwanza, andikeni ratiba ya siku moja, tangu kengele ya kuamka hadi taa kuzimwa, mkionyesha nani anachelewa mstarini, na mwalimu gani huwa anajifanya hakumwona.