Kwa aliyeuliza kuhusu kununua nyumba ya likizo Welisi (Wales): nimeishi kule, na nyumba hizo nimezisafisha

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili kabla ya kuandika. Unasema wewe na wenzako watatu mko Birmingham, mmechanga fedha ya kianzio, na dalali amewaonyesha nyumba ya mawe karibu na Nefyn, kwenye rasi ya Llŷn, kaskazini-magharibi mwa Welisi. Mnataka kuipaka rangi na kuipangisha kwa wageni wa wiki wiki kupitia Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba. Umeuliza kama inalipa, na umeuliza kwa nini yule Mwelisi mnayefanya naye kazi alinuna ulipomwambia. Kuhusu faida wengi wameshakujibu, nami nitagusia. Kile kinuno ndicho ninachotaka kukueleza, maana nimeishi nacho.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilifika Llŷn 2012, kazi yangu kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia uji. Tulipanga nyumba ndogo ya mawe kijijini, mimi, mume wangu na binti yetu aliyekuwa na miaka mitano. Kwenye nguzo ya geti palikuwa na kibao cha jiwe jeusi kilichochongwa Bryn Awel, yaani kilima cha upepo mwanana. Upepo ulikuwepo kweli, ila wa Januari si mwanana hata kidogo.

Watu wengi wa Birmingham hawajui kwamba kule Kiwelisi si lugha ya vibao vya barabarani. Ndiyo lugha ya duka, ya kwenye foleni ya mkate, ya watoto wakigombania mpira. Sensa ya 2021 iliwakuta wasemaji asilimia 17.8 kwa Welisi nzima, kutoka 19 mwaka 2011, lakini katika mkoa wa Gwynedd, ambao Llŷn imo ndani yake, walikuwa asilimia 64.4. Maeneo ya namna hiyo, ambako lugha hii ndiyo ya kila siku, yamebaki machache, na mengi yako pwani au milimani, pale pale ambapo watu wa mijini wanataka kwenda kupumzika. Huo ndio mkosi wenyewe.

Binti yangu alipelekwa kwenye kituo cha lugha. Halmashauri ya Gwynedd inavyo vituo maalumu vya watoto wahamiaji, wanafundishwa Kiwelisi kwanza kisha wanarudishwa shule ya kawaida. Baada ya muhula mmoja alianza kuota kwa Kiwelisi, nikamsikia usiku. Kiswahili chake, nasema kwa uchungu, ni cha "kula", "lala", "usiguse". Nimehangaika nacho miaka yote na sababu naijua: hana mtoto mwenzake wa kugombana naye kwa Kiswahili. Mama peke yake hatoshi. Lugha inataka mtu wa kukuibia zamu ya bembea, ukamwite mwizi, akujibu. Kiwelisi binti yangu alikipata bure, uwanjani, kwa sababu uwanja ulikuwa na watoto.

Mwaka 2019 ikaja barua, tuna miezi miwili. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, alikuja mwenyewe kutueleza, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa amepiga hesabu: wiki moja ya Agosti ingempa zaidi ya tulichomlipa kwa mwezi mzima. Ningekuwa yeye sijui ningefanya nini. Tulitafuta nyumba Nefyn, Morfa Nefyn, Pwllheli, hadi Aberdaron kule mwisho wa rasi. Zilizokuwepo zilikuwa za majira ya baridi tu, Oktoba hadi Pasaka, kisha ufungashe virago upishe watalii. Utamwambiaje mtoto wa darasa la sita kwamba Pasaka anahama? Tukaenda Caernarfon, maili 20 kutoka Nefyn. Wazee wangu wakabaki kule kule, nikawa nawafuata kwa gari asubuhi gizani.

Kipato hakikutosha, nikaongeza kazi ya Jumamosi, kusafisha nyumba za likizo. Jumamosi ndiyo siku ya kupokezana: wageni wa zamani wanatoka saa nne asubuhi, wapya wanaingia saa kumi jioni, na katikati ninyi wanawake wawili mna nyumba tatu. Mashuka, vyoo, majivu ya jiko la kuni, mchanga kwenye bomba la bafu. Jumamosi moja nikatumiwa anwani na namba za kile kisanduku cha ufunguo kinachofungwa nje ya nyumba za likizo. Nikafika, nikakaa ndani ya gari kwa muda. Ilikuwa Bryn Awel.

Kibao cha jiwe hakikuwepo. Paliwekwa cha mbao cheupe chenye jina la Kiingereza, la shakwe. Jikoni, pembeni ya dirisha, bado kulikuwa na msumari wangu nilioupigilia kutundikia kifumbu, umepakwa rangi juu yake. Mezani kulikuwa na kitabu cha wageni, nikakifungua. Karibu kila ukurasa walisifia jambo moja: utulivu. Kimya cha ajabu, wanasema, unasikia bahari tu. Nikatoka mlangoni nikatazama barabara. Nilipohamia pale, nyumba ya kushoto alikaa fundi bomba na mkewe na watoto wawili. Ng'ambo aliishi mwalimu mstaafu aliyemsahihisha binti yangu sarufi kwenye ukuta wa bustani. Wote walikuwa wameondoka, mmoja kwa kifo, wengine kwa kodi ya pango. Kile kimya walichokuwa wanakisifia kilikuwa sisi.

Jioni ya Februari mwaka uliofuata, nikitoka kwa mzee wangu, nilihesabu taa kwenye barabara ile. Nyumba 11, taa kwenye nyumba 3. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema nyumba za likizo haziui lugha kwa sababu hakuna anayekatazwa kuisema, najiuliza ataisema na nani.

Hili halikuanza na Airbnb, ndiyo maana jamaa yako alinuna haraka hivyo. Mwaka 1965 bonde la Tryweryn lilizamishwa ili mji wa Waingereza, Liverpool, upate maji, na kijiji cha Capel Celyn, cha wasema Kiwelisi watupu, kikaenda chini pamoja na shule na makaburi. Kidonda kile kila mtu anakijua. Desemba 1979 ukaanza uchomaji wa nyumba za likizo, uliofanywa kwa jina la kundi la siri la Wawelisi, Wana wa Glyndŵr. Zaidi ya 200 zilichomwa katika miaka kama 12. Kuchoma nyumba ya mtu ni uovu, na wazee niliowahudumia wengi walisema hivyo hivyo. Ila walikuwa wakiongeza kwamba hasira yenyewe waliielewa. Septemba 2020 madiwani wa Nefyn walitembea kwa miguu hadi ofisi za halmashauri Caernarfon, zile zile maili 20 ninazoendesha mimi, kudai nyumba za vijana wao. Mwishoni mwa 2021 shule ya msingi ya Abersoch, mji wa ufukweni ambao nyumba zake nyingi ni za wenyewe wasiokaa, ikafungwa. Wanafunzi walikuwa hawafiki 10.

Sasa faida yenu. Sheria zimebadilika sana na dalali hatakwambia zote. Kuanzia Aprili 2023, ili nyumba ihesabiwe kama biashara ya likizo na itoke kwenye kodi ya halmashauri, lazima iwe tayari kupangishwa siku 252 kwa mwaka na ipangishwe kweli siku 182. Zamani zilitosha 70. Llŷn kupata siku 182 si mchezo, mvua ya Novemba haimleti mtalii. Ukishindwa unarudi kwenye kodi ya halmashauri pamoja na nyongeza ya nyumba isiyo makazi ya kudumu. Gwynedd waliiweka asilimia 150 kuanzia mwezi ule ule, maana yake mnalipa mara mbili na nusu. Kodi ya kununua nyumba ya ziada nayo iko juu kuliko ya anayenunua ya kuishi. Tena Septemba 2024 Gwynedd wakaanzisha utaratibu, wa kwanza kwa Welisi, kwamba kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ya likizo kulihitaji kibali cha mipango. Wapinzani walichanga fedha wakaupeleka mahakamani, kwa hiyo siku mnapotaka kuweka sahihi, mwulizeni mwanasheria wenu sheria imesimama wapi siku hiyo. Msimwulize dalali.

Kuna aliyeandika hapa kabla yangu kwamba bila watalii kule watu watakula mawe. Sikubali, ila simpuuzi. Kazi za Llŷn ni utalii, mifugo na kutunza wazee, na mimi mwenyewe nimelipwa kwa kufua mashuka ya watalii. Na ni kweli nyumba nyingi ziliuzwa na Wawelisi wenyewe, kwa aliyetoa zaidi. Mama wa Nefyn aliyebaki peke yake na nyumba ya vyumba vitano, akipangisha viwili Julai, simwoni kama adui wa mtu. Lakini mgeni wa hotelini au wa hema halali kwenye nyumba ya fundi bomba. Mtalii tungempata bila kumhamisha mpishi wake wa chai.

Mwingine ameuliza kwa kebehi: wewe Mtanzania unawalalamikia wahamiaji? Simlalamikii mhamiaji hata mmoja. Nilihudhuria kozi Nant Gwrtheyrn, kijiji cha wachimba mawe kilichobaki magofu chini ya mlima, barabara yake unashuka moyo uko mdomoni. Daktari mmoja, Carl Clowes, alipoona huduma zinaondoka vijijini, alianzisha na wenzake ushirika wa kijiji cha Llanaelhaearn mwaka 1974, halafu wakachanga wakanunua magofu yale 1978 wakayafanya kituo cha kufundisha Kiwelisi. Darasani kwetu walikuwemo Waingereza waliostaafu, Mpolandi mmoja na mimi. Hakuna aliyetuangalia vibaya. Kule hawaulizi ulizaliwa wapi. Wanataka kujua kama Februari upo.

Nikupe picha moja tu ya mwisho kutoka kazini. Nilikuwa na bibi wa miaka 91, alikuwa amepooza upande mmoja, na Kiingereza kikamtoka chote kama maji kwenye ungo. Kikabaki cha utotoni. Akisema "poen" ana maumivu, "oer" anasikia baridi, "panad" anataka chai. Kampuni ilileta wasaidizi wa zamu kutoka mbali, watu wazuri, wakaandika kwenye daftari kwamba mgonjwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Nilipofika asubuhi ile alikuwa anarudia neno moja, "dŵr, dŵr". Maji. Usiku kucha aliomba maji. Nilimpa, akanishika mkono akaninong'oneza jambo refu ambalo sikulielewa lote, na nikaona aibu kwa nisilolielewa. Wasichana waliokulia mtaa ule, ambao wangemwelewa wakiwa bado mlangoni, wako Caernarfon, Cardiff na Manchester, kwa kuwa nyumba za kuanzia maisha ndizo hizo zenye visanduku vya ufunguo.

Kwa hiyo ushauri wangu, kaka: msiinunue kwa ajili ya wageni wa wiki. Kama fedha lazima ifanye kazi, nunueni huko huko Birmingham. Na kama moyo umeshaipenda nyumba ile ya mawe, inunueni mpangishe familia mwaka mzima. Faida itakuwa ndogo, ila mpangaji hatakosekana. Mimi peke yangu nawajua wauguzi wawili na dereva wa basi la shule wanaotafuta nyumba upande ule sasa hivi. Na jina la nyumba liacheni kama mlivyolikuta.

Kabla hamjalipa chochote njoo uione, ila usije Agosti. Njoo katikati ya juma, Februari, ufike saa kumi na moja jioni giza likiingia. Niandikie ujumbe wa faragha (PM), nitakuchukua Caernarfon nikitoka zamu, twende tukazihesabu taa pamoja.